Kikundi Nacho Ni Tiba

Kila inapotajwa tiba ya vikundi kwa wenye sonona na wasiwasi uliopitiliza, tena itolewe kwenye zahanati na vituo vya afya vya kawaida, pingamizi huwa ni zile zile. Husemwa na wauguzi, na viongozi wa dini, na ndugu wa wagonjwa wenyewe. Wengi wao wana nia njema. Ndiyo maana inafaa wajibiwe vizuri.

Wanaosema sonona ni ugonjwa wa Wazungu na wenye nafasi hawahitaji jibu refu. Watafiti waliokwenda Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, eneo ambalo UKIMWI uliliumiza vibaya, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wanasumbuliwa na nini. Wakaelezwa habari za watu wasiolala, wasiotamani chakula, wanaojichukia na kutamani kufa. Na huku kwetu mgonjwa huyo yupo. Ni mama aliyerudi zahanati kwa mara ya tatu, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, presha iko sawa. Anapewa panadol na kuambiwa apunguze mawazo.

Wengine husema hii ni kazi ya daktari bingwa. Laiti mabingwa wangekuwepo wa kutosha! Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, vilivyogawanywa kwa kura, vikundi viliongozwa na wenyeji wasio na taaluma yoyote ya afya ya akili. Walipewa mafunzo ya wiki mbili na kusimamiwa kwa karibu. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kati ya waliokaa vikundini, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwenye vijiji ambavyo havikupata tiba walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Namba hii ya pili nayo isifichwe, kwa sababu inaonyesha kwamba wapo wanaopata nafuu bila tiba. Lakini zaidi ya nusu walibaki wagonjwa, na miezi sita baadaye hali yao ilikuwa karibu ile ile, wakati kwa waliotibiwa wenye sonona walikuwa asilimia 11.7 tu.

Pingamizi zito ni la siri. "Nani ataanika mambo ya nyumbani kwake mbele ya majirani?" Wanaouliza hivyo wanaijua mitaa yetu, na mwanamke aliyegundulika ana virusi vya UKIMWI ana haki ya kuogopa. Ila wengi hawajaona kikundi kinavyoendeshwa. Kabla ya kikao cha kwanza kiongozi huonana na kila mtu faragha, na hapo mtu huamua lipi atalisema na lipi atabaki nalo. Kule Masaka na Rakai wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake. Sharti la kwanza ni kwamba yanayosemwa humo hayatoki nje. Sitadai kwamba siri haiwezi kuvuja. Inaweza, na kiongozi anapaswa kulisema hilo waziwazi siku ya kwanza.

Isitoshe, kikao si mahali pa kuungama. Mazungumzo hujengwa juu ya msiba, ugomvi au badiliko la maisha lililomwangusha mtu. Tuseme mama mmoja mumewe ameoa mke wa pili na ameacha kutoa pesa za matumizi. Kikundi hakimhubirii kuvumilia. Kinamuuliza: ulimwambia lini, mkiwa wapi, kwa maneno gani, naye akajibu nini? Mwenzake mmoja anashika nafasi ya mume, na yule mama anajaribu kusema upya, safari hii bila kufoka. Mwingine anashauri aanzie kwa shangazi wa mume. Wiki inayofuata anarudi kueleza ilikwendaje. Msaada huo hata daktari bora hawezi kuutoa peke yake ofisini, kwani waliokaa ukewenza ndio waliomo kwenye duara lile.

Kisha wapo wanaosema vikao vichache ni porojo tu, na kwamba maskini anahitaji pesa, si maneno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 unawajibu kwa pamoja. Dkt. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walifanya kazi katika vituo vya afya 30 vya Gulu, Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, kwa watu 1,140 wenye virusi vya UKIMWI na sonona isiyo kali sana. Nusu ya vituo vilitoa tiba ya kikundi kwa vikao 8, na ndani yake mlikuwa na mafunzo ya shughuli za kuingiza kipato, maana ufukara kweli huumiza akili. Vituo vingine vilikusanya watu vilevile, ila kwa elimu ya afya ya kawaida. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa na sonona upande wa kwanza hawakufika asilimia 1. Upande wa pili walikuwa asilimia 28. Kwa hiyo kinachoponya si kukusanyika tu.

Dai la mwisho ni la sisi tunaoiunga mkono tiba hii: kwamba inamfaa kila mtu. Si kweli. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya tiba hii kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 katika kambi za wakimbizi wa ndani, kaskazini mwa Uganda. Sonona ya wasichana ilipungua sana, ya wavulana haikupungua kwa kiwango cha kutegemewa, na wasiwasi haukuguswa. Kwa vijana wa kiume tunatakiwa kutafuta njia nyingine, tena kwa haraka. Halafu yupo anayesikia sauti zisizokuwepo, na yupo ambaye ameshapanga namna ya kujiua. Hao si wa kuwekwa kikundini kwanza. Wanatakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Kituo kinachotaka kuanzisha vikundi kiwe na namba ya daktari wa akili wa hospitali iliyo karibu, na nauli ya kumfikisha mgonjwa huko, kabla ya kikao cha kwanza.