Kuchemsha maji hakuondoi risasi

Kila mara kipindupindu kinapolipuka, sisi wa redio tunarudilia neno moja: chemsheni maji, tieni kloro. Ni neno la kweli, kwani vijidudu vinakufa. Lakini kuna sumu isiyoogopa moto: madini ya risasi, wengi wanayoita plomb. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na risasi inabaki yote ndani ya sufuria.

Mara nyingi risasi hiyo inatoka ndani ya tiyo za zamani, viungo vilivyochomelewa na robine. Maji yanapokula chuma, inaingia kidogo kidogo. Haina rangi wala harufu.

Wakaaji wa Flint, Marekani, wanayajua hayo. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, viongozi waliacha maji ya Detroit wakachukua ya mto Flint, bila kutia dawa ya kuzuia tiyo zisiliwe. Raia walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akaonyesha kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto. Mwezi uliofuata mji ukarudia maji ya Detroit. Lakini ubongo wa mtoto ulioharibiwa na risasi haurudi kama zamani.

Wengine watasema: sisi tunahangaika na bidoni usiku kucha, mambo ya risasi ni ya matajiri. Mimi ninakataa. Mitaa inapongojea maji, ndipo tiyo mpya zinalazwa. Tukinyamaza leo, tutafukia sumu ambayo wajukuu watainywa.

Kwa hiyo Regideso na wenye miradi ya maji wanapashwa kupima maji kwenye robine za raia, si kiwandani tu, na kubandika matokeo kwenye komini. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 10 kwa lita moja. Raia ana haki ya kujua yake ni ngapi. Na fundi anapoleta tiyo au robine, muulizeni kama ina risasi.

Wakati tunangojea, mama mzazi, maji yaliyolala ndani ya tiyo usiku usipikie uji wa mtoto. Yale ya kwanza ya asubuhi uoshee nyumba, kisha kinga ya kunywa. Na kuchemsha tuendelee, kwa ajili ya kipindupindu. Ila tusidanganyike kwamba kunatosha.