Korosho zinadondoka, mtihani unakaribia: suali la mzazi wa Mnyambe



Tumepokea suali kutoka kwa mzazi wa Mnyambe, wilayani Newala. Mwanawe yuko Kidato cha Pili. Walimu wameanzisha masomo ya ziada ya jioni, na nyumbani korosho zimeanza kudondoka. Anauliza: nikimzuia mtoto aokote korosho, nitakuwa nimemdhulumu?

Suali hili halimhusu yeye peke yake. Masasi na Newala, korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Disemba, na mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili na ule wa Kidato cha Nne huangukia humo humo. Korosho ikiachwa chini hunyeshewa ikaharibika, au ikaokotwa na mwengine. Fedha za mnada ndizo daftari, sare na chakula cha mwaka mzima. Pemba tunaijua hali hii kwa karafuu, kwa hivyo hatumlaumu mzazi kwa kuuliza.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Hisabati ndiyo inayowaangusha wengi: kuanzia mwaka 2019 hadi 2023 waliofaulu somo hilo Kidato cha Nne nchini hawakufika hata theluthi moja ya watahiniwa. Matokeo ya mwaka 2012 yalitisha zaidi, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hadi Waziri Mkuu akaunda tume. Ada ilifutwa mwaka 2016 na madarasa yakajaa, jambo la kushukuriwa, ila kujaa kwa darasa si kujua kusoma.

Mtoto wa Mnyambe nyumbani husema Kimakonde, skuli ya msingi akasomeshwa kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza anakuta karibu kila kitu kwa Kiingereza. Mara nyingi hesabu yenyewe anaiweza, kinachomshinda ni kuelewa suali linataka nini. Upungufu huo haujazwi kwa wiki mbili za kambi. Hujazwa kwa kusoma kidogo kidogo kila siku, na hapo ndipo mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi: amwambie mtoto asome suali kwa sauti, kisha alieleze kwa Kiswahili au Kimakonde. Akishindwa kulieleza, hajalielewa, na mzazi atakuwa amejua bila ya kuwa mwalimu.

Madrasa nazo zisikae pembeni. Wahyi wa mwanzo uliamrisha kusoma, na mateka wa Badri waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Tena sisi tunao mlango wa mirathi, ambao wote ni sehemu na mgao. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume, mmoja wa kike na mikorosho 40. Mke ana thumni, mikorosho 5. Inabaki 35, kila mwanamume 14, binti 7. Ustadhi akiifanya hesabu hii ubaoni jioni, amefundisha dini na Hisabati kwa chaki moja. Siku nyengine achukue stakabadhi ya ghalani, watoto watafute kilo, bei na makato. Wapo wazee wanaotia dole gumba kwenye karatasi hiyo bila kujua imeandikwa nini.

Sasa jawabu. Mtoto kumsaidia mzazi wake shambani ni wema, si haramu, na hatuwezi kusema kukosa somo la ziada la jioni moja ni dhambi. Kumtoa skuli msimu mzima, au kumfanya aukose mtihani wenyewe, hiyo ni dhulma kwa mtazamo wetu. Anayeshindwa Kidato cha Pili hukariri mwaka, na wengi wakishakaririshwa hawarudi tena. Korosho iliyopotea ina thamani inayohesabika, na kibarua wa kuiokota hupatikana. Kwa hivyo mtoto aokote baada ya swala ya alfajiri kabla ya skuli, na Jumamosi na Jumapili. Wiki ya mtihani aachwe kabisa, jamaa wamsaidie mzazi kwa zamu. Wajomba, ambao kwa Wamakonde wana kauli kubwa juu ya watoto wa dada zao, nao waingie shambani wiki hiyo.

Binti hukumu yake ni hiyo hiyo. Tunalisema kwa sababu mara nyingi yeye huongezewa na ndoo ya maji, na kule juu ya uwanda maji hayako karibu. Kambi ya kulala ikiwepo, wazazi waulize kwanza nani mwanamke anayelala na wasichana.

Jambo moja hakutuuliza, lakini linakuja kila mwaka: mtu anayeuza "majibu" usiku wa kuamkia mtihani. Kuyanunua ni ghushi, na fedha ya korosho ya halali ikitumika hapo imetumika katika haramu, hata kama majibu yenyewe ni ya uongo, kama yalivyo mara nyingi.

Wallahu aalam.