Acheni Kumnunulia Mama Maendeleo

Sebuleni kwa Mama, Lushoto, kuna mtungi wa gesi wa kilo 6. Umefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria iliyovishwa rozari. Mgeni anadhani ni kimeza. Mtungi huo aliuleta kaka yangu kutoka Dar es Salaam, Krismasi ya 2023. Picha zikapigwa, zikatumwa kwenye grupu la familia, sote tukamiminia mioyo. Mama aliupikia mwezi mmoja na siku kadhaa. Gesi ilipoisha akarudi kwenye mafiga, na hakumwambia mtu, maana aliyepewa zawadi haombi nyongeza.

Mimi sina cha kumcheka kaka. Mwaka uliofuata nilibana posho yangu ya masomo nikampelekea simu janja. Inataka bando. Iko kabatini, imezimwa, ndani ya boksi lake.

Kwa hiyo ugomvi huu ni wetu sisi tuliosoma tukashuka mlima. Desemba ikikaribia tunafungua kikao kwenye simu, tunachangishana, tunajadili: mwaka huu tumfanyie Mama nini? Anayefanyiwa hayumo kwenye grupu. Akipigiwa simu anaulizwa anataka aletewe nini, naye anajibu kama mama yeyote atakavyojibu: "Aa, njooni tu wanangu, nyie ndiyo zawadi." Basi hapo tunajiona tumeruhusiwa, tunanunua tunachokitaka sisi.

Nasomea shahada ya uzamili katika masuala ya maendeleo. Darasani tunafundishwa, na mtihani tunafanya, kwamba mradi usiowauliza wenyeji hufa mfadhili akiondoka. Mfano mzuri kuliko yote uko kwetu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuokoa udongo wa Usambara, na wakulima wakaamriwa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, wataalamu hawakuuzua. Lakini matuta yalikula siku za watu, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula cha nyumbani. Watu wakakataa, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umeachwa. Steven Feierman ameyaeleza hayo kwa kirefu katika Peasant Intellectuals, kitabu cha mwaka 1990, na humo wakulima wa milima hii si watu wa kuonewa huruma, ni watu wenye hoja. Kitabu hicho nilikisoma, nikakipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaenda Kariakoo kumnunulia Mama simu.

Simfananishi kaka na bwana shamba wa kikoloni (kidogo tu). Na gesi yenyewe sina ugomvi nayo. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwisho wake. Moshi unaumiza kifua, na kila mzigo wa kuni unatoka kwenye mti fulani. Ninachokikataa ni zawadi inayokuja na bili, halafu bili ikaachiwa mtu ambaye kipato chake ni kabichi na karoti, kwa bei ambayo dalali ameamua siku hiyo.

Agosti nilikaa nyumbani wiki mbili. Baridi ilikuwa ya kutuweka jikoni tangu saa kumi na mbili jioni. Tukimenya mbatata, nikamuuliza kwa namna nyingine: "Mama, mwaka huu ni kitu gani ulikikosa ukaona aibu?"

Akasogeza kuni. Akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba nilijuta kuuliza. Halafu akaanza kutaja, nami nikaandika nyuma ya karatasi za pendekezo langu la utafiti.

Alianza na sare ya WAWATA. Umoja huo wa wanawake Wakatoliki upo tangu 1972, na Mama alikuwamo kabla sijazaliwa. Kitenge kipya kilipotoka hakuwa na hela ya doti wala ya fundi. Siku ya sherehe wenzake waliingia kanisani kwa maandamano, wakiimba. Yeye alikaa benchi la nyuma, akawaambia mguu unamsumbua. Jumapili hiyo nilimpigia simu. Na mimi aliniambia mguu. Nikamtumia hela ya dawa ya kuchua.

Akataja nia ya misa kwa ajili ya Baba, siku aliyofariki, na chai ya wanajumuiya watakaokuja kusali naye rozari. Mwaka jana siku hiyo ilipita kimya. Akataja miwani: kwenye jumuiya yeye ndiye msomaji wa Injili, na sasa kitabu anampa binti wa jirani. Mabuti ya mvua. Na kilo mbili za tende na sukari kwa mama mdogo, ambaye ni Muislamu kama nusu ya ukoo wetu. Kwetu msalaba na mswala kukaa nyumba moja si habari. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku hizo hizo. Mama alishaliona hilo kwenye kalenda ya parokia. "Tutafunga pamoja," alisema. "Nisiende kwake mikono mitupu."

Nilipoituma orodha hiyo kwenye grupu, kaka alijibu kwamba sare na misa ni matumizi, si maendeleo. Tununue tenki la maji. Dada akaongeza kuwa michango ya kanisani ndiyo inayowamaliza kina mama. Maneno ya dada yana ukweli. Sare zinabadilika mno, bahasha ni nyingi, na mwanamke akianza kukaa benchi la nyuma si wengi watakaomuuliza sababu. Lakini Mama anayajua hayo kuliko sisi. Anayasema vikaoni, na anajua mchango upi haukwepeki na upi unakwepeka. Ugomvi wake na parokia anaupigana akiwa ndani. Sisi tunataka kumtoa nje, eti tunamsaidia.

Na hayo matumizi: kaka alishona suti ya kumsindikiza rafiki yake siku moja tu ukumbini. Mimi nilikodi joho la mahafali nikalivaa saa tano, tatu kati ya hizo nikipiga picha. Hakuna aliyetuuliza kama joho ni maendeleo. Ilieleweka kwamba mtu anataka kuonekana na wenzake, siku yake, akiwa amevaa kama wao.

Kikao ni Jumapili. Mchango wangu wa tenki sitoi, nimeshawaandikia. Hela iko kwa fundi, Lushoto mjini, na vipimo anavyo. Kaka amesoma, hajajibu. Sijamtumia bado mstari wa mwisho wa orodha, ambao Mama aliutaja akiwa ameshainuka kuepua sufuria: "Na huo mtungi, kama mna uwezo, ujazeni. Bikira Maria nitamtafutia pa kukaa."