"Alikubali" Si Jibu



Katika mabishano yetu ya karakana tunasikia neno moja likirudiwa. Nyapara au afisa akishtakiwa kwamba amelala na mfanyakazi wa chini yake kwa nguvu ya cheo, watu husema, "Lakini yule mama si alikubali?" na maneno huishia hapo. Sisi twasema sheria ya Kenya haiishii hapo, na Chama chetu kisiishie hapo.

Zamani mambo haya yalikuwa ndani ya Kanuni ya Adhabu, sura ya 63. Hata wakati huo ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, kwa vitisho au kwa hofu ya kuumizwa haikuwa ridhaa. Lakini kukubali kwenyewe ni nini, hakukuelezwa. Mwaka 2006 Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, mswada ulioletwa na Mheshimiwa Njoki Ndung'u, na vifungu vya zamani vya kubaka vikaondolewa. Kifungu cha 42 chasema mtu amekubali ikiwa amechagua mwenyewe, naye ana uhuru na uwezo wa kuchagua.

Uwezo ni rahisi kuufahamu. Kifungu cha 43 kinamtaja aliyelala usingizi, aliyezimia, aliyelewa hata akili ikapotoka, mwenye ulemavu wa akili, na mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18. Hao hata wakisema ndiyo, sheria haiihesabu.

Uhuru ndio unaotuhusu sisi zaidi. Kifungu hicho hicho kinahesabu kuwa ni kulazimisha si nguvu na vitisho tu, bali pia kutumia mamlaka vibaya hata mtu akashindwa kuonyesha kwamba hataki. Hapo hakuna panga wala kelele. Kibarua wa kike ambaye mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi, na karatasi ya mkataba mpya iko mezani kwa yule yule anayemwita afisini jioni, atapiga kelele gani? Sisi tuliosoma shule za misheni tulisimuliwa jinsi mfalme Daudi alivyotuma watu wamlete Bath-sheba. Hatukuulizwa hata siku moja kama mwanamke yule angaliweza kumwambia mfalme hapana.

Wala mfanyakazi hahitaji kufundishwa sana jambo hili. Nani kati yetu hajaona mtu akitia sahihi kwamba anafanya saa za ziada bila malipo "kwa hiari yake", huku anaogopa kufutwa? Tukifika mbele ya wakubwa twapiga meza na kusema sahihi ile si kitu, imetoka kwa hofu. Basi mbona zikija habari za dada zetu tunaisahau hoja yetu wenyewe?

Wengine watauliza, je, kila mkubwa akimpenda mfanyakazi ni jela? La. Ni lazima ithibitishwe kwamba mamlaka yalitumiwa vibaya na kwamba yalimfunga mtu mdomo. Tena mshtakiwa akiwa mwanachama ana haki ya kusikizwa, na Chama kisimame naye apate haki hiyo. Lakini mjumbe wetu asiinuke na "alikubali" kana kwamba ndio mwisho wa kesi. Aulize kwanza: angaliweza kukataa bila kupoteza kazi? (Jambo moja halitupendezi. Kifungu cha 43 chasema hakiwahusu waliooana kihalali. Mke naye ana woga wake, lakini hapo Bunge lilimwacha njiani.)

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya kupinga usumbufu wa kingono kazini, baada ya kushauriana na wafanyakazi au wajumbe wao, na kila mfanyakazi aarifiwe. Ahadi ya upendeleo na tishio la kazi vyote vimetajwa humo. Kila tawi limwulize meneja wake taarifa hiyo iko wapi, na ni nani wa upande wetu aliyeshauriwa. Akileta karatasi ya Kiingereza, isomwe kwa Kiswahili mbele ya vibarua wote, na wa zamu ya usiku wasiachwe.