Nasaba ya Geji ya Oksijeni

BARAZANI NG'AMBO
Na Mrisho Salum Kapaya

Katika mji wetu wa Tabora oksijeni ina makao mawili: ya kwanza ni wodi za Hospitali ya Kitete, ambako mgonjwa aliyebanwa na pumzi huhitaji msaada wake usiku na mchana, na ya pili ni karakana za mafundi wa kuchomelea, ambako gesi hiyo hiyo, ikikutanishwa na asetilini, hukata chuma. Geji zifungwazo juu ya mitungi ya makao haya mawili, na zile zifungwazo kwenye mashine za kujazia upepo matairi, aghalabu hukaribiana kwa umbo kiasi cha kumhadaa mtu asiye na maarifa. Kwa ajili hiyo rai yangu ya juma hili ni kwamba anayenunua kipimo cha oksijeni hana budi kuuliza kwanza nasaba yake, yaani kimesafishwa namna gani, kimejaribiwa kwa kitu gani na kimepita katika mikono ipi, kabla hajauliza bei yake wala usahihi wa mshale wake.

Hewa tuivutayo ina oksijeni takriban asilimia 21. Mtambo wa hospitali, ambao huitenga naitrojeni kwa punje za zeolaiti, hutoa oksijeni ya asilimia 93 hivi. Na kule Marekani sheria ya usalama wa kazi huihesabu hewa kuwa imezidi oksijeni mara tu ipitapo asilimia 23.5. Mpaka huo uko karibu mno na hewa ya kawaida, na una sababu. Oksijeni yenyewe haiungui, walakini huvipa vitu vingine uwezo wa kuungua kwa kasi isiyo na kifani, hata vile ambavyo katika hewa ya kila siku hutoa moshi tu kisha vikazimika. Tarehe 27 Januari 1967 wanaanga watatu wa Marekani, Grissom, White na Chaffee, walifariki dunia ndani ya chombo cha Apollo 1 kilipokuwa kingali ardhini katika majaribio, kwa kuwa chumba chao kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu na nailoni iliyokuwamo ikashika moto usioweza kuzuilika.

Sasa tuitazame geji yenyewe. Ndani ya nyingi kati ya hizo mna bomba jembamba lililofanywa bapa na kupindwa mfano wa mwezi mwandamo, ambalo Mfaransa Eugène Bourdon alilipatia hataza mwaka 1849: gesi ikiingia, bomba hujaribu kunyooka, na kunyooka huko huusukuma mshale. Ncha ya bomba imezibwa, basi fundi afunguapo kwa pupa mtungi uliojaa, wenye shinikizo la takriban baa 150, gesi hujibana ghafla katika ncha hiyo na kupata moto wa digrii mamia, pasipo cheche wala kiberiti. Bomba likiwa safi, joto hilo hutawanyika pasi na madhara. Likiwa na utando wa mafuta, hata ule mdogo usioonekana kwa jicho, mafuta huwaka, na moto wa mafuta huwasha plastiki, na katika oksijeni iliyobanwa huweza kuichoma alumini na chuma chenyewe. Ndiyo maana shaba nyeusi na shaba ya manjano hupendelewa katika kazi hii, na ndiyo maana wajuzi husisitiza vali ifunguliwe polepole.

Ama kuhusu usahihi wa vipimo, njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa kwetu na kuishia Ujiji, ilikwisha kushuhudia kipimo kibovu. Mwaka 1858 John Hanning Speke, ambaye pamoja na Richard Burton alikuwa amekaribishwa na Waarabu wa Kaze, ndiyo Tabora ya zama zile, alipima kimo cha Ziwa Tanganyika kwa kuchemsha maji na kusoma joto lake, kwani kadiri mtu apandavyo juu ndivyo maji yachemkavyo kwa joto pungufu. Vipimajoto vyake vizuri vilikuwa vimeharibika, akatumia cha maji ya kuogea, na ziwa lililo zaidi ya futi 2,500 juu ya bahari likaandikwa futi 1,844. Kimo kingali kinatudai hata leo: Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na kile kifaa cha kikemia cha kupimia asilimia ya oksijeni, ambacho kwa hakika huhisi shinikizo la gesi hiyo, kikisawazishwa Dar es Salaam kisha kikatumiwa hapa bila kusawazishwa upya, kitasoma pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na mtambo mzima utashutumiwa bure. Kosa la namna hiyo lina tiba nyepesi, nayo ni kukisawazisha papa hapa katika hewa safi. Lakini geji iliyoingiwa na mafuta haina tiba ya kitambaa na sabuni, maana mafuta yamejificha katika bomba lililozibwa. Na zaidi ya hayo, na hili ndilo linitialo hofu, mshale wake utaendelea kusoma sawasawa kabisa, ukaguzi baada ya ukaguzi, hata siku ya moto.

Mnunuzi ana alama za kutazama. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 837-1 huitaka geji ya oksijeni iandikwe jina la gesi hiyo usoni pake, pamoja na picha ya kopo la mafuta lililokatwa mstari, na isiyo na alama hiyo ikataliwe hata ikitolewa bure. Ikataliwe vilevile ile iliyojazwa glisirini, ambayo madukani husifiwa kwa kuwa mshale wake hautetemeki, kwa sababu bomba likipasuka glisirini hukutana na oksijeni. Panapohitajika kutuliza mshale, viko vimiminika maalumu vya fluorini visivyoshika moto. Geji ya shinikizo kubwa na iwe na ukuta madhubuti kati ya bomba na kioo, na mgongo unaofunguka wenyewe, ili mripuko umwepuke msomaji.

Lipo jambo ambalo huharibu hata geji iliyonunuliwa kwa haki, nalo ni kuipima. Mizani nyingi za kuhakikishia geji hutumia mafuta kusukuma shinikizo, kwa hiyo geji safi ikipelekwa huko kwa nia njema kabisa hurudi na cheti kizuri na bomba lililochafuka. Mwenye dhamana ya hospitali au karakana asikabidhi geji ya oksijeni kwa mpimaji yeyote, wa serikali au wa binafsi, kabla ya kuthibitisha kwamba itapimwa kwa naitrojeni safi au maji safi, na kwamba chombo cha kupimia hakijapata kuguswa na mafuta.

Nawasihi basi wanaoandika zabuni za hospitali zetu wasiridhike na maneno geji ya presha, idadi kadhaa. Waandike kwamba ni ya oksijeni, imesafishwa kwa kazi ya oksijeni, ina cheti cha usafi huo, na imefungwa katika mfuko wake wa plastiki. Maana mzabuni hutoa kile kilichoandikwa, na kisichoandikwa hushindwa na bei ya chini. Na siku mzigo ufikapo, kamati ya mapokezi, ambayo kwa desturi hufungua kila kifurushi ili kuhesabu na kushika kwa mikono, ihesabu geji hizo kupitia plastiki, isome alama zake kupitia plastiki, na mfuko ufunguliwe na fundi mwenye mikono safi, pale pale mtungini, dakika ile ile ya kuifunga.