Ngara na Biharamulo Zisiwe Njia Tu

Kwa miaka mingi wilaya za Ngara na Biharamulo zimekuwa njia ya wapitao. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana, yakielekea mipaka ya Rusumo na Kabanga. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku mbili hivi, na wananchi wa Ngara wakalazimika kuwapokea. Leo kipo kipitacho kingine, kisicho na vumbi wala kelele: nyuzi za kioo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Ujenzi wake ulianza mwaka 2009, na umefika kwenye mipaka hiyo miwili ili nchi jirani zisizo na pwani ziunganike na nyaya za baharini.

Juu ya nyuzi hizo imezuka kazi mpya, kazi ya mhandisi wa mitandao ya wingu. Jina hilo lisimtishe mtu. Wingu linalosemwa ni maelfu ya kompyuta zilizokusanywa katika majengo maalumu, ambazo nguvu yake hukodishwa kwa mtumiaji aliye mbali. Zamani mhandisi wa mitandao alivuta nyaya na kufunga ruta kwa mikono yake. Huyu wa leo huandika maagizo kwa programu, na maagizo hayo ndiyo yanayogawa anwani, yanayochora njia za taarifa, yanayojenga kuta za ulinzi na kuandaa njia ya pili iwapo ya kwanza itakatika.

Mtumishi wa umma anayedhani mambo haya hayamhusu hana budi kufikiri tena. Mwalimu aombaye uhamisho kwa mfumo wa ESS, mtumishi ajazaye taarifa za utendaji katika PEPMIS, mwananchi asubiriye kumbukumbu namba ili alipie huduma, wote wanategemea kompyuta zilizo mbali na ofisi ya halmashauri. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Siku hiyo ilidhihirika kwamba njia mbadala ni suala la utawala na la uchumi, wala si anasa ya mafundi.

Mustakabali wa kazi hii ni mwema, lakini una mtego. Vyeti vinavyotambulika duniani hutolewa na makampuni ya nje, hulipiwa kwa fedha za kigeni, na vingi humalizika baada ya miaka mitatu. Vituo vya Amazon, Microsoft na Google vilivyofunguliwa barani kati ya mwaka 2019 na 2024 vimejengwa Cape Town na Johannesburg. Kijana akijifunza kukodi tu, atakuwa kama mtu ajuaye kufungua bomba la jirani bila kujua kuchimba kisima. Tanzania inacho Kituo cha Taifa cha Data, Kijitonyama. Mhandisi anayehitajika ni yule awezaye kulitumia wingu la wengine kwa busara na kulijenga la nyumbani kwa ustadi.

Mhandisi huyo haanzii Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala Dodoma, wala Taasisi ya Teknolojia. Huanzia Kidato cha Kwanza, mbele ya mwalimu wa Hisabati na Fizikia. Mtoto wa Rulenge au Nyakahura aliyekosa mwalimu wa masomo hayo kwa miaka minne amekwisha kufungiwa mlango kabla hajajua kwamba mlango upo. Kompyuta itakayopelekwa shuleni kwake baadaye haitaufungua.

Jambo moja lawapa watu wa pembezoni nafasi ambayo hawakuwa nayo. Mhandisi wa reli hukaa palipo reli, na wa bandari hukaa bandarini. Mhandisi wa wingu aweza kukaa Ngara mjini akatunza mitambo iliyo Dar es Salaam, mradi awe na umeme wa uhakika na njia isiyokatika. Mkongo umefika, na maporomoko ya Rusumo yana mitambo ya megawati 80 inayohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Kinachopungua ni watu waliofundishwa.

Kwa hiyo halmashauri hizi mbili ziwape kipaumbele walimu wa Hisabati na Fizikia, hasa kwa nyumba za kuishi, ili wapangiwapo huko wasiombe kuondoka. Maofisa wa TEHAMA wa wilaya wafungue milango ya ofisi zao, wanafunzi waione kazi inavyofanyika. Wahitimu nao waache kuamini kwamba elimu ni tiketi ya kwenda mjini bila kurudi.

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kila mkulima anajua kwamba wingu laweza kutanda juu ya shamba lake, likapita, likanyeshea la mwingine. Ngara na Biharamulo zimekwisha kuona mengi yakipita. Hili lisipite.