Mutumikaji ana haki ya kujua kitu gani wamemuwekea ndani ya tumbo

Ndugu watumikaji, na weye mama mwenye unangojea bwana atoke posti ya usiku, leo tuongee juu ya erni. Wazee wanaiita mushipa, Swahili ya vitabu inasema ngiri. Ni ugonjwa wenye wanaume wanaficha kwa haya, sababu mara mingi unatokea kwenye kinena, tena unaweza kushuka mpaka kwenye mapumbu. Mutu anafunga mukaba kwa nguvu, anabeba mufuko, ananyamaza. Sisi ba delege tunakuja kujua wakati mutu amekwisha kuanguka.

Miye mwenyewe nilipasuliwa. Kliniki yenye walinituma sitaitaja hapa. Walinipasua asubuhi, kesho yake nikarudi nyumbani, kidonda kikapona muzuri. Nyuma ya mwaka moja nikaanza kusikia maumivu kama moto, kutoka kwenye kinena mpaka kwenye paja. Nikaenda kwa munganga mwingine. Akaniuliza: «Papa, walikuwekea wavu?» Nikamujibu: «Wavu ya nini, munganga? Miye si samaki.» Yeye alicheka. Miye sikucheka, sababu karatasi ya operasyo sikuwa nayo, na hakuna mutu alikuwa ameniambia kitu.

Sasa nimejifunza, na ninataka weye pia ujue. Erni ni tundu ao sehemu dhaifu kwenye ukuta wa tumbo, na kupitia pale matumbo ao mafuta yanasukumwa inje. Kunyanyua mizigo mizito, kikohozi cha muda murefu na kukaza wakati wa choo vinasukuma zaidi. Mama mwenye alizaa kwa kupasuliwa anaweza kuipata pia kwenye kovu. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupakaa yenye inafunga ile tundu kwa mutu mukubwa. Ni kupasua tu.

Zamani waganga walikuwa wanashona nyama kwa nyama, wakivuta pande mbili. Ikivutwa sana, inauma, na mara mingine inapasuka tena. Njo maana tangu miaka ya 1980 ikasambaa namna ya munganga Irving Lichtenstein wa Los Angeles: kuweka wavu mudogo wa plastiki juu ya ile tundu, bila kuvuta nyama. Nyama inaota kati ya matundu ya wavu, ukuta unakuwa nguvu. Waganga wetu wanaita ile wavu plaki. Wavu umesaidia watu mingi: erni hairudi sana kama zamani. Mutu mwenye anasema wavu ni sumu, anadanganya.

Lakini mwenye anasema wavu hauna shida hata moja, yeye pia anadanganya. Mafundisho ya waganga wa dunia nzima yenye yalitoka mwaka 2018 yanasema kama kwa watu 100 wenye kupasuliwa erni ya kinena, 10 mpaka 12 wanabaki na maumivu yenye kupita miezi mitatu. Wengi wao wanaweza kuishi nayo, lakini wachache inawazuia kazi. Hata mwenye hakuwekewa wavu anaweza kupata ile maumivu. Wavu unaweza pia kuingiwa na vidudu, kujikunja, kusogea, ao kushikana na matumbo kama uliwekwa ndani sana. Kuutoa ni operasyo ngumu kupita ya kwanza.

Tena wavu hazifanane. Mwaka 2016 kampuni Ethicon iliondoa sokoni wavu yake yenye jina Physiomesh, sababu erni zilikuwa zinarudi kupita kiasi. Kule Marekani maelfu ya wagonjwa walipeleka kampuni Bard kwenye tribinali ju ya wavu zake, na mwaka 2024 ikakubali kupatana nao. Wale watu waliweza kushitaki sababu walikuwa wanajua jina la kitu chenye wako nacho mwilini. Miye ningeshitaki nini? Hata kujua kama niko na wavu sikujua.

Mutu asiniambie kama shida ni umasikini peke yake. Jirani yetu Uganda, waganga walijaribu kitambaa cha chandarua chenye bei ya chini, walichokitengeneza na kukisafisha vizuri kwa ajili ya operasyo. Walipasua wanaume 302, nusu kwa ile, nusu kwa wavu wa bei kali. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kisha mwaka moja hakukuwa tofauti kubwa. (Usikate chandarua ya kitanda yako kupelekea munganga, ile haifai!) Na karibu na Toronto, kule Canada, kuna hopitali ya Shouldice yenye kushona bila wavu tangu mwaka 1945, na watu wanapona, sababu mikono ya kule imezoea ile kazi.

Kuna pia hatari ya upande mwingine. Ndugu mumoja wa ekipe yetu alisikia habari yangu, akaogopa, akakataa kupasuliwa. Siku moja kivimbe kikakuwa kigumu, hakirudi ndani, akaanza kutapika. Walimupasua usiku, wakakata kipande cha utumbo wenye ulikuwa umekufa. Mungu alimuokoa. Nilijilaumu sana. Njo maana ninaandika: kivimbe kigumu chenye hakirudi, maumivu makali, kutapika, kukosa choo na upepo, ni kukimbia hopitali saa ile ile. Usingoje mwisho wa posti.

Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha bwana-kazi kutunza afya ya mutumikaji na jamaa yake. Muzuri. Lakini kutunza si kupasua na kutupa inje. Kwenye konvansyo yenye tutajadili, sindika ziombe mambo haya:

Kwanza, mbele ya kusaini, mugonjwa aelezwe kwa Swahili kama watamuwekea wavu ao hapana, na hatari zake.

Pili, apewe karatasi yenye tarehe, namna ya operasyo, jina na namba ya wavu. Aiweke pamoja na karte yake ya kazi.

Tatu, apumuzike na mushahara mpaka munganga aseme anaweza kunyanyua. Mara mingi ni wiki nne mpaka sita. Kisha apewe kazi nyepesi, hapana kumurudisha kwenye mifuko siku ya kumi.

Ine, mwenye anaumwa kisha miezi mitatu atazamwe tena na munganga, asiitwe muvivu.

Tano, hata mutumikaji wa sutretansi apate vilevile. Tumbo lake si la pili.

Na ninyi ndugu wachimbaji wa mikono, wenye hamuna bwana-kazi, muulize koperative yenu ile franga wanakata inatunza nani.

Kwenye mugodi, kila mashini iko na kitabu yake: kipande gani kilibadilishwa, siku gani, namba gani. Miye niko na kipande cha plastiki mwilini, pengine, na hakuna mutu aliandika. Tukikubali hivyo, tumekubali kama mashini ina heshima kutupita.